Unanyonyesha, usifunge maji

Dada yangu, umeuliza kama ufunge siku saba bila maji ili upokee upako wa Roho Mtakatifu, nawe unanyonyesha. Hapana, tafadhali! Sisi wa Malindi tuliyaona ya Shakahola 2023, waumini walipofunga hadi kufa. Anayekuhimiza ujinyime hadi uzimie, mkimbie. Hata kuruka mlo mmoja, kwanza muulize nesi wa kliniki.

Anza na toba. Yule wifi mliyenuniana, mpigie simu leo. Kisha uamke alfajiri mtoto akiwa bado amelala, usome Luka 11:13 na kuomba: Baba huwapa Roho wamwombao, kwa hiyo usinunue chupa ya mafuta ya upako kwa mtu. Daudi alipakwa mafuta na Samweli, akarudi kuchunga kondoo. Nawe usifunge kibanda chako sokoni.