Samadi na mbolea ya dukani kwenye mahindi: yaliyonigharimu kabla sijaelewa

Msimu wangu wa kwanza wa mahindi huku Njombe nilivuna magunia 7 kwenye ekari moja. Ekari hiyo ilikuwa imekula lori zima la samadi na mifuko 3 ya mbolea ya dukani. Jirani yangu ambaye hakuweka samadi hata koleo moja alivuna zaidi yangu. Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa mliosikia kwamba siri ni kuchanganya samadi na mbolea ya viwandani. Ni kweli, lakini mimi nilichanganya, na hayo ndiyo yaliyonikuta.

Kosa lilianzia zizini. Samadi niliyonunua ilitoka kwenye banda lililotandikwa maranda ya mbao, kitu cha kawaida huku kwenye mbao nyingi. Ilikuwa mbichi, na mimi nikaona maranda ni mali ya ziada. Kumbe vijidudu vya udongo vinapoyavunja maranda vinahitaji naitrojeni, chakula kikuu cha mmea, na vinaichukua palepale shimoni kabla mche haujaipata. Mahindi yakaota vizuri, lakini kufikia wiki ya nne majani ya chini yalikuwa yameanza umanjano, kutoka kwenye ncha na kuingia katikati ya jani mfano wa herufi V. Nilipochanganyikiwa nikatupia Urea, mbolea ya dukani ya naitrojeni, juu juu, mchana, udongo mkavu. Urea ikiachwa juu ya ardhi namna hiyo, sehemu yake hugeuka gesi na kupotea. Fedha yangu ikapaa.

Tangu hapo lundo la samadi nalishughulikia kuanzia Julai, ingawa tunapanda Novemba mvua zikianza. Naliweka kivulini, nalifunika kwa nyasi au turubai, kwa sababu jua hulikausha na mvua huosha virutubisho vikatiririkia mfereji wa jirani. Nachomeka fimbo ndefu katikati ya lundo. Kila baada ya siku chache naichomoa na kuishika: ikiwa ya moto, kazi inaendelea, ikiwa kavu na baridi, namwagia maji, nageuza lundo kila baada ya wiki tatu hivi. Samadi iliyoiva fimbo yake haina joto, rangi yake ni nyeusi, inapukutika, na harufu yake ni ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Ukisikia bado inakuwasha pua, iache. Mbichi huunguza mbegu na kukuletea mbegu za magugu yote ng'ombe aliyokula. Ya kuku ni kali zaidi, hiyo iive vizuri kabisa na uweke kidogo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanadanganyana. Samadi nzuri ya ng'ombe iliyokauka huwa na naitrojeni kama asilimia 1 hadi 2. Tani moja basi ina kilo 10 hadi 20, na nyingi haitoki msimu huu, inasubiri mwakani. Mfuko mmoja wa Urea wa kilo 50 una kilo 23, na unazitoa ndani ya siku chache. Ukitaka samadi peke yake ilishe mahindi ya mbegu chotara, tafuta ng'ombe wengi na mkokoteni usiochoka. Ukitaka Urea peke yake, utavuna, lakini kwenye udongo uliochoka mvua kubwa ikija naitrojeni inazama chini ya mizizi, maana hakuna cha kuishika. Kazi ya samadi ninayoithamini zaidi ndiyo hiyo: inashika maji na inashika mbolea niliyoinunua.

Usimwage samadi shamba zima kama huna ya kutosha. Weka shimoni. Mimi napanda sentimita 75 kwa 60, mbegu 2 kila shimo, na ekari inatoka na mashimo karibu 9,000. Viganja viwili vilivyojaa ni kama robo kilo kwa mizani yangu, hivyo ekari inakula tani 2 na kidogo. Juu ya samadi naweka mbolea ya kupandia, kizibo kimoja cha soda, ambacho ni takriban gramu 5. Zidisha: ni kilo 45, yaani mfuko mmoja unatosha. Halafu nafukia kwa udongo kama vidole vitatu, ndipo mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea haioti, utalaumu kampuni ya mbegu bure.

Kuna watu wanaacha mbolea ya kupandia kwa sababu wameweka samadi. Huku kwetu kwenye baridi usijaribu. Miche michanga inakosa fosforasi, majani yanageuka zambarau, na samadi haina fosforasi ya kutosha ya haraka. DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, inafanya kazi, lakini mimi kwenye kipande changu chenye asidi natumia mbolea ya Minjingu, inayotokana na miamba ya fosfeti (yenye fosforasi) ya Manyara, kwa sababu fosfeti ya namna hiyo huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi. Kabla ya kubishana na mtu kuhusu asidi, peleka udongo ukapimwe. Huku kwetu wengi tunapeleka TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mbeya.

Mbolea ya kukuzia naigawa mara mbili: mahindi yakifika magotini, baada ya palizi, na tena kabla ya mbelewele kutoka. Palizi kwanza, tafadhali. Bila hivyo unalisha magugu, nayo hula kwa uroho. Weka pembeni mwa shina, kama upana wa kiganja, kukiwa na unyevu ardhini, ukafukie. Misimu mitatu nikiwa na samadi iliyoiva, nimepunguza kukuzia kutoka mifuko 2 hadi mmoja na nusu. Nimepunguza, sijaacha.

Na majivu. Bibi zetu huyaweka kwenye samadi na yana faida zake, ila usiyachanganye kwenye ndoo moja na DAP wala mbolea yoyote yenye amonia. Nilifanya hivyo siku moja nikitaka kuokoa muda. Nilipoinamia ile ndoo macho yakajaa machozi. Ile harufu ilikuwa naitrojeni yangu ikiondoka. Kama unataka kutumia majivu, yaweke wiki kadhaa mapema, peke yake.

Msimu huu anza na sehemu ndogo. Chagua mistari 10 weka samadi tu, 10 mbolea ya dukani tu, 10 zote mbili, kila kundi uliwekee vigingi vya alama na kamba. Ukivuna, pima kila kundi kwa debe lilelile, siyo kwa macho, maana macho yanapenda mistari ya barabarani. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba samadi tu ndiyo iliyoshinda, mpaka nilipopima nikakuta kundi la zote mbili linaongoza kwa debe 2 na nusu. Lile la samadi tu lilikuwa karibu sawa na la dukani tu, na mwaka uliofuata, ambao mvua zilikatika Februari, likalipita.