Ile tai ndo iliniponza

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, anajifunza kubuni mavazi ya filamu, kapewa stori ya wanawake wawili wanaopendana karne ya 19, anauliza aanzie wapi. Mdogo wangu, anzia pale nilipoharibu mimi.

Nilikuwa Uingereza, nashona kwenye filamu fupi yenye bajeti ya kuungaunga, nikaachiwa wahusika wawili, wanawake wapenzi kama hao wa kwako. Nikajiambia leo ndo leo. Mmoja nikamvisha gauni la lesi, mwenzie nikamshonea kizibao, koti la kiume na tai, usiku kucha sijalala, ili mtazamaji asihangaike kujua. Dairekta kaja, kaangalia, kauliza, "Kwa hiyo huyu ndo mume?" Seti nzima ikacheka. Mimi mpaka leo sijacheka. Na jina langu mwisho wa filamu halikuwepo, haya tuyaache.

Nikaanza kuangalia upya filamu za wanawake wanaopendana, daftari mkononi. Carol ya 2015, mavazi ya Sandy Powell, New York mwanzoni mwa miaka ya 50: wapenzi wale hamna mwenye tai, mambo yanaanzia kwenye glavu zilizosahaulika kaunta ya duka. Glavu tu jamani! Halafu The Handmaiden ya 2016, Korea chini ya Wajapani, mjakazi anamfungua bibi yake vifungo vya mgongoni, na hapo nikashika kichwa, maana koseti niliyoshona mimi, lile vazi la ndani la kubana kiuno, ilikuwa na kamba nyuma, na kamba za nyuma kuzikaza mwenyewe inawezekana ila ni shughuli, afadhali mwingine asimame mgongoni kwako, avute, mpumue pamoja. Sini nzima nilikuwa nayo mkononi nikaifunika na koti.

Na msiniambie karne ya 19 wanawake wa hivyo hawakuwepo. Anne Lister wa Yorkshire, hukohuko Uingereza, aliyefariki 1840, alivaa nyeusi tupu watu wakamsema barabarani, ila ni sketi, na mapenzi yake kwa wanawake kayaandika kwa maandishi ya siri kwenye shajara. Yule alikuwa mtu, ana siku zake na fundi wake, siyo bango.

Kwa hiyo kabla hujashika mkasi jiulize nani anamvisha nani, nani anamvua nani. Ukimaliza jiulize tena. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa kutaka kazi yetu ionekane, tunapiga kelele na kitambaa wakati wahusika wananong'ona, acheni hizo.

Michoro nitumie dada, nitaiangalia. Ila nikikuta tai, nakublok.