Pikipiki ya Kwanza kwa Mtu Mfupi: Pima Mguu Kabla ya Kuuliza Injini

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mtwapa aliniandikia swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kwenda kazini kwa pikipiki. Ana urefu wa futi nne na inchi kumi na moja, hajawahi kumiliki pikipiki, na ameonyeshwa Yamaha XTZ125 iliyotumika, ambayo bei yake imempendeza na umbo lake limempendeza zaidi. Anataka kujua kama ainunue. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu pikipiki ya aina hiyo hiyo ndiyo niliyoanguka nayo mbele ya watu kwenye feri ya Likoni, na ingawa mwaka wa nne sasa unakaribia kwisha, bado nikipita pale huona kama kuna mtu anayenikumbuka.

Mimi nina futi tano kamili. Naishi Mtongwe na nafanya kazi kisiwani Mombasa, kwa hiyo kivuko ni sehemu ya maisha yangu kama ilivyo kwa kila mtu wa ng'ambo yetu. Nilipopata leseni ya pikipiki, daraja la A2, binamu yangu alikuwa akiuza XTZ yake, nami nilikuwa nimeitamani tangu siku aliyoileta nyumbani: imeinuka, matairi yake yana meno, na anayeipanda huonekana ana safari ya maana hata kama anaenda kununua mkate. Niliikalia uani kwake ikiwa imeegemea stendi ya upande, mguu wangu wa kushoto ukagusa chini, nikaridhika na kutoa pesa. Pikipiki iliyoegemea stendi ya upande humdanganya mtu mfupi, kwa maana imelala kushoto na kiti kimeshuka pamoja nayo. Isimamishe wima, mtu akushikie kwa nyuma, ndipo ujue ukweli.

Kiti cha XTZ125 kiko sentimita 84 kutoka ardhini. Mguu wangu, ukipimwa kwa ndani kutoka kwenye msamba hadi kisigino, una sentimita 69. Kutoa 69 katika 84 ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, na utepe wa kupimia ulikuwa umening'inia kwenye cherehani ya mama yangu, lakini nilikuwa na haraka ya kuonekana.

Miezi miwili niliendesha bila tatizo, maana pikipiki ikiwa mwendoni haimjui mfupi wala mrefu. Taabu ni kusimama. Nilijifunza kutoa nusu ya mwili nje ya kiti na kusimamia ncha ya kiatu kimoja, na kwenye foleni nilikuwa nikitafuta ukingo wa barabara wa kuwekea mguu kama mtu anayetafuta kivuli saa saba mchana. Watu walinisifu, nami nikaamini ni ustadi.

Siku yenyewe maji yalikuwa yamepwa sana. Wanaovuka kila siku wanajua kwamba maji yakipwa feri hukaa chini na mteremko wa kuingilia huwa mkali, na vyuma vyake huwa na unyevu. Nilikuwa nikiteremka polepole nyuma ya mkokoteni wa viazi, mkokoteni ukasita, nami nikashika breki ya mbele huku usukani ukiwa umekata kidogo kushoto. Fahamu kwamba katika mwendo wa pole, breki ya mbele ikishikwa na usukani haujanyooka, pikipiki huangukia upande ule uliokatia. Mtu mwenye miguu mirefu huizuia kwa goti na hakuna anayejua. Mimi niliteremsha mguu wa kushoto, na pale nilipotarajia chuma hapakuwa na kitu, kwa kuwa upande ule ulikuwa chini zaidi. Tulilala pamoja, mimi na XTZ yangu. Kioo kilivunjika, mkono wa klachi ukapinda, na goti likachubuka kiasi cha kukosa kukunjika siku tatu.

Goti lilipona. Kilichobaki ni sauti ya bwana mmoja aliyepaza akisema, "Shuka, mpe mwenye miguu!" na kicheko kilichozunguka feri nzima kabla ya vijana wawili kuja kuniinulia. Nilivuka nimesimama kando ya pikipiki, nikitazama maji.

Pikipiki yenyewe haikuwa na kosa, na wapo watu wafupi wenye uzoefu wanaoiendesha vizuri. Lakini anayeanza ana mambo mengi ya kufikiria kwa pamoja, klachi, gia, vioo, tuktuk inayokatiza bila ishara, na hapaswi kuongezewa hofu ya kutafuta ardhi kila anaposimama. Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu mimi ndilo jambo lote, ni kwamba uwe na uwezo wa kukanyaga kwa wayo mzima wa mguu mmoja, na kwa mbele ya wayo wa mguu wa pili, pikipiki ikiwa wima. Si lazima nyayo zote mbili zilale chini. Wanaosisitiza hivyo humnyima mtu mfupi pikipiki nyingi nzuri. Unaposimama, mguu wa kulia una kazi ya breki ya nyuma, na wa kushoto ndio unaobeba.

Usiishie kwenye namba ya kimo cha kiti. Kiti kipana huitawanya miguu, na sentimita ulizohesabu huishia pembeni. Kiti chembamba pale kinapokutana na tangi hukurudishia sentimita hizo. Pia spring za shokomzoba hubonyea mtu anapokaa, na hapa tumeonewa tena, kwa sababu sisi wepesi tunazibonyeza kidogo kuliko watu wanene. Pikipiki nyingi zenye shokomzoba mbili za nyuma zina pete ya kukaza na kulegeza. Ilegeze kabla ya kujipima, uone.

Baada ya kuanguka sikuiuza mara moja, kwa sababu ya kiburi. Nilimpelekea fundi wa viti Majengo, akapunguza sponji sentimita tatu, nikapata sentimita tatu za ardhi na maumivu ya mgongo kila nilipopita Mtwapa. Fundi mwingine akanishawishi tuishushe nyuma. Alipomaliza, stendi ya upande ikawa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki ikawa inasimama karibu wima, na upepo wa kusi ukaiangusha mbele ya nyumba usiku. Tumbo la injini nalo likaanza kukwaruza matuta ambayo awali sikuyajali. Nilikuwa nimelipa mara mbili ili kuharibu kitu kizuri.

Mwishowe niliiuza nikanunua Suzuki GN125 iliyotumika, ambayo kiti chake kiko sentimita 73 na nusu. Haina sura ya safari ya maana. Binamu yangu aliiita pikipiki ya mzee wa kwenda kuswali, na mpaka leo sijaona sababu ya kumsamehe kwa neno hilo, hasa kwa vile yeye ndiye aliyeniuzia ile ya kwanza akijua kimo changu. Lakini tangu niipate sijaanguka hata mara moja, mvua za masika zikiwemo, na ule mteremko wa kivuko nimeuteremka maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa.

Dada zangu, na kaka wafupi ambao huwa hawaulizi hadharani, acheni kununua pikipiki kwa ajili ya macho ya watu wa barabarani. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, wala hawakusema mtaka cha juu afanyeje, nadhani kwa sababu walijua atangoja. Endesha ya chini mwaka mmoja au miwili, na ukiizoea breki na mizani, ya juu utaipata bado inauzwa. Ya chini si lazima iwe ndogo wala ya kizee: Honda Rebel ina injini kubwa kuliko zetu hizi, na kiti chake kiko sentimita 69 tu, sawasawa na mguu wangu. Na kabla ya kulipa, isukume pikipiki ikiwa imezimwa, igeuze uwanjani, uiweke kwenye stendi ya katikati peke yako, kama inayo. Ukishindwa kuihamisha yenyewe tupu, fikiria ikiwa na abiria na mfuko wa unga.

Kwa dada wa Mtwapa: usiinunue XTZ hiyo sasa. Kabla ya kutafuta nyingine, njoo Jumapili uikalie yangu, na uje na viatu utakavyoendeshea, si vile vya kisigino ulivyopigia picha uliyonitumia.