Miche ya kabichi inayokatwa usiku Ngaramtoni: huyo ni sota

Pole sana mkuu uliyeuliza ni nini kinakata miche yako ya kabichi usiku huko Ngaramtoni, Arusha. Miche kulala chini asubuhi, imekatwa usawa wa udongo na majani yote yapo, hao si panya kama unavyodhani. Huyo ni sota, kiwavi anayekata miche usiku. Ndiyo maana dawa uliyopuliza majani mchana haikumgusa: mchana yuko chini ya udongo.

Kesho alfajiri, kabla jua halijawa kali, chukua kijiti ufukue taratibu kuzunguka mche uliokatwa usiku huo, kina cha sentimita 5 hivi. Utamkuta mnene, rangi ya udongo, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, na ukimgusa anajikunja duara. Muue hapo hapo, maana haridhiki na mche mmoja.

Mama yake ni nondo wa kijivu anayeruka usiku na kutaga kwenye nyasi na magugu. Umesema shamba lilikuwa nyasi tupu na mkapanda wiki ileile mliyolima. Hapo ndipo ilipoanzia: nyasi zilipoondoka, chakula kilichobaki ni kabichi zako. Msimu ujao lima wiki 2 hadi 3 kabla, udongo ukae mtupu, na kuku waachie wachakure.

Miche ya kurudishia izungushie karatasi ngumu au kopo lililokatwa pande zote mbili, ukingo wa chini uzame udongoni. Ile yenye shina gumu tayari usiihangaikie sana. Ikibidi dawa, puliza jioni kwenye mashina, ila bwana shamba wa kata aione hali kwanza.