Re: Kusafisha ufukwe Bagamoyo, tuje saa ngapi na tubebe nini?

Mkuu saa inategemea maji, yakiwa yamejaa mtaokota nini sasa? Njooni yakianza kupwa, na ikiwa bamvua (zile siku maji yanajaa na kupwa sana kuliko kawaida) ndo poa zaidi maana bahari inarudi mbali na uchafu wote unabaki wazi, machupa, ndala za mguu mmoja mmoja (sijui wenzake huwa zinaenda wapi), nyavu mbovu zimejizungusha kwenye mizizi ya mikoko, hizo msizivute kwa nguvu mtang'oa miche, kateni na kisu taratibu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019 ila vifungashio bado vipo kibao. Bebeni viroba, glovu ngumu, viatu vya kufunika, kandambili hapana. Halafu gari la taka ongeeni mapema na serikali ya mtaa, mkirundika tu pale ufukweni maji yakijaa yanabeba vyote tena.