Maswali na Majibu: Kitenzi Kirai "Put Off"

Mimi ni mwanafunzi wa Tukuyu. Kwa nini "The meeting was put off" humaanisha mkutano uliahirishwa, ilhali "put" ni kuweka?

Mara nyingi maana ya kitenzi kirai (kwa Kiingereza, "phrasal verb") haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. Maneno hayo mawili huchukuliwa kuwa neno moja. "The meeting was put off until Friday" maana yake ni kwamba mkutano umesogezwa mbele hadi Ijumaa, kwa hiyo bado utafanyika. Ukisoma "called off", jua kwamba umefutwa kabisa. Nawasihi wanafunzi wasichanganye viwili hivi, kwa kuwa anayekosea anaweza kusubiri Tukuyu mkutano usiokuwepo tena.

Nauza dagaa Mwanjelwa, Mbeya. Mgeni alisema "The smell puts me off". Alikuwa akiahirisha nini?

Hakuahirisha chochote, bali alisema kwamba harufu ile inamwondolea hamu. Katika maana hii, kinachokera ndicho kiima, na anayekerwa kwa kawaida hutajwa katikati ya "put" na "off". Hivyo "The price put us off buying the farm" ni kusema kwamba bei ilitukatisha tamaa ya kununua shamba, na "Don't be put off by his loud voice" ni kumwambia mtu asivunjwe moyo na sauti kubwa ya mwenzake. Waingereza huitumia pia kwa kuvuruga umakini: anayesoma huku redio ikipigwa kwa sauti ya juu anaweza kusema "That noise is putting me off". Kivumishi chake ni "off-putting".

Nafundisha Mafinga. Lipi ni sahihi, "put off it" au "put it off"?

"Put it off". Kiwakilishi lazima kikae katikati, ila nomino ina uhuru: "put off the harvest" na "put the harvest off" zote ni sahihi. Kitenzi kinachofuata huchukua "-ing", kama katika "She put off travelling to Iringa". "Put off to travel" ni kosa. Wakati uliopita nao hubaki "put".

Hapa Njombe wengi husema "put off the fire". Je, ni sawa?

Hapana. Moto ni "put out"; taa, "turn off" au "switch off".