Matoleo yameshuka usharikani? Kabla ya kusoma majina, jifunzeni kusema "imetosha"

Habari za jioni wakuu. Mleta mada anasema amechaguliwa mhazini wa usharika huko Moshi vijijini, matoleo yameshuka, jengo limesimama kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), na nusu ya baraza la wazee wanataka majina ya waliotoa na wasiotoa yasomwe kila Jumapili. Anauliza watu wahamasishwe vipi bila kudhalilishwa. Mimi nimekuwa mhazini wa usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku huku mlimani Kilimanjaro, baadaye nikashika vitabu vya kituo kimoja cha Kikristo cha watoto wenye ulemavu Arusha. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Kwanza tuache kusema watu wetu ni wachoyo. Mtu huyo huyo anayetumbukiza mia tano kapuni ana kadi tatu za harusi kabatini, na zote atazichangia: laki huku, elfu hamsini kule, na vikao anahudhuria. Harusi ina nini ambacho jengo la kanisa halina? Ina tarehe. Ina bajeti ambayo kila mjumbe ameiona, ukumbi bei gani, chakula bei gani. Kila kikao mhazini anasimama: ahadi hizi, taslimu hizi, tunapungukiwa hivi. Siku ikifika mchangiaji anakaa mezani, anakula, anaona pesa yake ilikokwenda. Wiki inayofuata kamati inavunjwa.

Sasa chukua ile "sadaka ya jengo" niliyoikuta mimi. Ilikuwepo tangu nasoma kipaimara. Haikuwa na mwisho, na hakuna mzee aliyeweza kukwambia imebaki kiasi gani. Mtu hawezi kukimbia mbio zisizo na utepe, hata awe na mapafu ya mpagazi wa kilele cha Kibo.

Tulichofanya ni kuacha kabisa kutangaza "jengo". Tukatangaza mabati ya upande mmoja wa paa. Ankara ya duka la vifaa ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kila Jumapili tukaandika chini yake kwa kalamu nene kiasi kilichopatikana. Yalipotimia, mchungaji alisimama akasema: mabati yametimia, mwenye bahasha ya mabati asiilete tena.

Kanisa lilinyamaza. Baada ya ibada mzee mmoja akanivuta pembeni: "Kijana, yaani unawazuia watu kumtolea Mungu?" Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, hebu tusome Kutoka 36. Mafundi wa hema walimwendea Musa wakamwambia watu wanaleta kupita mahitaji ya kazi, naye akapiga mbiu kambini watu wasilete tena. Wakazuiwa. Tunahubiri sana habari ya wana wa Israeli kutoa, ila sijasikia mahubiri mengi juu ya siku waliyoambiwa inatosha.

Tulipokuja na madirisha, maswali yalipungua. Nadhani watu hawakuwa wamekuwa matajiri ghafla. Walikuwa wameona kwamba tukisema kitu kinaisha, kinaisha. Mkuu, shabaha yako isiwe yule asiyetoa kamwe. Mtafute aliyewahi kutoa akaacha. Huyo alitoa, hakusikia lolote, akakaa kimya. Wapo wengi kuliko mnavyodhani, na karibu wote niliozungumza nao hawakuwa na hasira. Walichoka tu.

Kuhusu taarifa, soma 2 Wafalme 12. Makuhani walikuwa wanapokea fedha, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi mabomoko ya nyumba ya Bwana yalikuwa hayajatengenezwa. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kihasibu kabisa: kasha lenye tundu kwenye kifuniko, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja, fedha inakwenda kwa maseremala na waashi. Kwenye baraza atatokea mtu atakusomea mstari wa 15, kwamba waliosimamia kazi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Mwambie arudi mstari wa 10 aone kuhesabu kulifanyika kwanza. Ninyi hesabuni watatu siku hiyo hiyo, wote wasaini, Jumatatu benki.

Majina. Hapa nina msimamo mkali: msisome. Sisemi hivyo kwa sababu ya Mathayo 6 pekee, inayosema sadaka itolewe kwa siri. Siku za zamani yalisomwa kwetu, na waliokuwa wakiacha kuja ni wajane na vijana wasio na kazi, si wale wenye maduka mjini. Mwenye nacho akisomwa hakutoa, anacheka. Asiye nacho anahamia dhehebu la jirani, na huko anakutana na "panda mbegu uvune mara mia", anarudi nyumbani na madeni. Msome jumla na matumizi. Mtu binafsi mpe karatasi yake ya mwaka kwenye bahasha iliyofungwa: namba yako, uliahidi hivi, umetoa hivi, asante. Basi. Neno asante liwepo, limesahaulika mno kwenye karatasi zetu.

Badala ya majina, tunzeni mnada. Baadhi ya wasomi wetu wanauonea aibu, mimi nauona kuwa jambo la busara kuliko yote tuliyorithi. Bibi hana hata shilingi lakini ana mkungu wa ndizi, au mayai matano kwenye kikapu. Analeta mbele kama matoleo mengine yote, yanaombewa. Nje, chini ya mti, mwalimu mwenye mshahara anaununua ule mkungu kwa bei ambayo sokoni ingekuwa kichekesho, kisha anasema uuzwe tena. Unauzwa mara ya pili, mwishowe unakwenda kwa mwinjilisti. Bibi ametoa, mwalimu ametoa, wa tatu naye ametoa, na hakuna aliyemzidi mwenzake machoni pa watu. Mchunge tu dalali. Akianza kutaja watu ("baba fulani leo mbona kimya?"), mbadilishe. Ni njia ile ile ya kusoma majina, imevaa kanzu ya utani.

Huko kituoni Arusha tatizo lilikuwa jingine. Watu walikuwa wanaona kibao getini na gari la wageni, wanasema hawa wana wazungu wao, wanatosheka. Wafadhili wa nje walipopunguza, tukaanza kuwaendea wa hapa hapa, wakiwemo wenye vizimba Soko la Kilombero. Hatukuwaomba "kusaidia kituo". Tulikuwa na karatasi ya jiko: chakula cha mchana cha siku moja, unga kilo kadhaa, maharage, mboga, mafuta, kuni, jumla hii. Chagua siku yako. Wengine walichagua siku ya kuzaliwa ya mtoto wao, wengine siku ya kumkumbuka mama. Mama mmoja muuza maharage alikataa kutoa fedha, akasema gunia ataleta mwenyewe na aone linapokelewa na nani. Tukamkaribisha jikoni. Mtu wa namna hiyo msimwite mkorofi. Huyo ndiye atakayewaambia wenzake.

La mwisho ni Desemba, kwa kuwa najua mnaitegemea. Wenyeji wakishafika kutoka Dar tarehe 24, wamechelewa kwenu: nauli, ng'ombe na ada za Januari zimeshapigiwa hesabu. Watumieni taarifa Novemba kwenye makundi ya ukoo na ya jumuiya, iwe na picha ya ankara na kipande kimoja tu cha kazi. Lipa namba (namba ya kulipia kwa simu) iwe imesajiliwa kwa jina la usharika. Mtu akiwa Kariakoo akaweka namba likatokea jina la mtu binafsi, hata likiwa la mchungaji anayemheshimu, anafuta na kurudisha simu mfukoni, na wala hatawapigia kuwaambia kwa nini.